MFICHA MARADHI KILIO HUMFICHUA

Hesabu ya mwisho ya Korona iliyotolewa nchini mwaka 2020 ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Kisha daftari likafungwa kwa zaidi ya mwaka mzima.

Maalim Seif Sharif Hamad alipofariki Muhimbili tarehe 17 Februari 2021, nchi nzima ilijua, kwani chama chake kilikwishasema wazi kuwa ameugua Korona. Lakini mchuuzi wa Temeke au fundi wa Kinondoni aliyekufa kwa kukosa pumzi, nani alimwandika?

Wako wasemao maradhi hayachagui. Si kweli! Huchagua mzee, huchagua mwenye kisukari, huwatafuta wanaobanana chumba kimoja na wasiokula pasipo kutoka. Bila ya hesabu ya mtaa, umri na kazi, nani angejua oksijeni ipelekwe wapi kwanza?

Sisi twasema: madaftari ya hospitali na ya makaburi yafunguliwe, yajumlishwe mtaa kwa mtaa, na jumla yake isomwe hadharani. Maiti asiyehesabiwa amedhulumiwa mara mbili.