Msafiri na Vinywaji vya Bara Hindi

Kila mwaka Watanzania wengi husafiri kwenda Bara Hindi, wengine kwa masomo, wengine kwa biashara, na wengine kutafuta matibabu. Kabla hawajaondoka huonywa na jamaa zao: "Ukifika huko, usinywe kitu ila soda na maji ya chupa." Onyo hilo lina sababu yake, maana tumbo la mgeni ni jepesi kuharibika. Lakini mimi naona ya kuwa halitoshi. Mtu akaaye katika nchi ya watu miezi mingi, naye hajui ladha ya kinywaji chao hata kimoja, amejinyima sehemu kubwa ya safari. Soda hata hapa ipo. Tena kampuni ya Coca-Cola iliondoka Bara Hindi mwaka 1977, ikarudi mwaka 1993, na miaka yote hiyo wenyeji hawakufa kwa kiu.

Tuanze na chai, kwa kuwa sisi pia twainywa, na jina lake ni lile lile. Wengi hudhani ya kuwa Wahindi wote wameinywa tangu kale. Sivyo. Waingereza ndio walioanzisha mashamba makubwa ya chai huko Assam, na chai ya kwanza ya Assam iliuzwa London mwaka 1839. Watu wa kawaida waliizoea hasa katika karne ya 20, ilipotangazwa viwandani na kwenye stesheni za reli. Wachuuzi wakaongeza maziwa, sukari, tangawizi na iliki, wakaifanya kuwa yao. Chai hiyo huchemshwa pamoja na maziwa yake, kisha humiminwa ingali moto. Kwa hiyo hata msafiri mwoga aweza kuanza nayo. Mahali pengine hutiwa katika kikombe kidogo cha udongo kiitwacho kulhad, ambacho hutupwa baada ya kutumiwa mara moja.

Upande wa kusini, kama vile Chennai, mji ambao wagonjwa wengi wa kwetu wamepata kutibiwa, kahawa ndiyo yenye sifa. Huchujwa polepole katika chombo cha chuma chenye matundu, huchanganywa na maziwa ya moto, kisha humiminwa huku na huku kati ya bilauri na bakuli dogo mpaka ifanye povu.

Vinywaji vya baridi navyo vina maana yake. Katika miezi ya Mei na Juni, nchi tambarare za kaskazini hupata joto liwezalo kupita digrii 45, na upepo wa moto uitwao loo huvuma mchana. Wenyeji hupika maembe mabichi, huyaponda, wakayatia maji, sukari, chumvi na bizari nyembamba. Kinywaji hicho huitwa aam panna. Wengine hunywa nimbu pani, yaani maji ya ndimu yenye sukari na chumvi. Mgeni huicheka ile chumvi, lakini sisi tuliojifunza Baiolojia twajua ya kuwa mtu atokwaye na jasho hupoteza maji pamoja na chumvi. Watu wa Punjab hupiga mtindi mzito wakapata lassi, na watu wa Gujarat huupunguza kwa maji, wakatia chumvi na bizari, wakaiita chaas.

Je, hatari haipo? Ipo, lakini dawa ya hatari ni kuijua. Barafu na maji yasiyochemshwa ndiyo ya kuogopwa kwanza. Lassi na maji ya ndimu yafaa kunywewa mahali palipo safi, bila barafu usiyoijua asili yake. Dafu liwe limekatwa mbele ya macho yako, ulinywe humo humo. Wakati wa sikukuu ya Holi, kinywaji cha maziwa kiitwacho thandai huenda kikatiwa bangi, basi uliza kabla ya kupokea. Na mgonjwa na amuulize daktari wake, maana sukari na chumvi hazimfai kila mtu.

Jambo la mwisho ni heshima. Katika nyumba nyingi za huko, mgeni huletewa chai kabla hajaulizwa haja yake, kama vile ilivyo kwetu. Akisukuma kikombe mbali na kutoa chupa yake mfukoni, mwenyeji ataelewa nini? Wazee walisema, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Nawasihi wazazi na ndugu watakaosafiri: chukueni maji yenu ya chupa, lakini kikombe cha chai ya moto mkipewa, kipokeeni kwa mikono miwili.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne