Majilio na Sarufi ya Kimya

Jioni ya Jumatatu, 23 Desemba 2024, kijana wa jirani yangu hapa Kinoru alibisha hodi akiwa na gazeti mkononi. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa amerudi nyumbani kwa Krismasi. Baada ya kuniamkia, aliniuliza: “Mwalimu, huyu mwenzetu wa Embu, wanasema ametoweka. Ametoweka vipi ilhali alichukuliwa mchana watu wakiona?”

Nilimjibu kama mwanaisimu. Nilimweleza kwamba kitenzi “toweka” hakimpi nafasi mtenda. Mtu akisema “ametekwa na fulani”, huyo fulani ndiye aliyelitenda tendo. Lakini akisema “ametoweka na fulani”, sote tutaelewa kwamba wawili hao wameondoka pamoja. Kitenzi hicho humwonyesha mtu kana kwamba ameyeyuka mwenyewe kama umande. Kijana alinishukuru kwa adabu, akaenda zake. Nami nilibaki nikijua kwamba nilikuwa nimejibu swali ambalo hakuniuliza. Yeye alitaka kujua nina msimamo gani. Nami niliogopa, nikajificha nyuma ya sarufi.

Majilio ni majuma manne ya kungoja. Katika Kanisa Katoliki, Injili za Mathayo, Marko na Luka hupokezana zamu kwa mzunguko wa miaka mitatu, na Majilio ya 2024 yalifungua zamu ya Luka. Nilikuwa nimejiwekea desturi ya kusoma fungu la kila siku baada ya chakula cha jioni. Usiku ule, baada ya kijana kuondoka, fungu lililonikabili lilikuwa la kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji na kupewa kwake jina.

Msomaji ataikumbuka habari yenyewe. Zakaria, kuhani, amekuwa bubu kwa miezi kadhaa kwa sababu hakuliamini neno aliloambiwa hekaluni. Mtoto anapozaliwa, majirani na jamaa wanataka aitwe Zakaria kwa jina la babaye. Elizabeti anakataa, anataka aitwe Yohana. Jamaa wanapinga wakisema kwamba hakuna yeyote katika ukoo wao mwenye jina hilo. Sisi wa Meru na Embu twaielewa hoja yao bila kuelezwa, maana kwetu pia jina la mtoto ni daraja la kuwavusha wazee waingie katika kizazi kipya. Zakaria anaomba kibao, anaandika jina la Yohana, na papo hapo ulimi wake unafunguka.

Nilikuwa nimeisoma habari hiyo mara nyingi, lakini usiku ule niliona jambo ambalo sikuwa nimelizingatia. Luka haanzi kwa kusema kwamba Zakaria alipona, kisha akalitaja jina. Kwanza jina liliandikwa hadharani, kinyume cha matakwa ya watu wake. Kauli ilimrudia baadaye. Aliyengoja kwanza ulimi ufunguke ndipo aseme kweli, huenda angengoja hadi kaburini.

Baada ya hapo niliyarudia masomo ya Jumapili zilizotangulia. Jumapili ya pili ya Majilio, 8 Desemba, tulisoma mwanzo wa sura ya tatu. Hapo Luka, kabla hajamtaja Yohana aliye jangwani, anawataja wakubwa saba: Tiberio Kaisari, Pontio Pilato, Herode, Filipo, Lisania, Anasi na Kayafa. Wasomaji wengi huiruka orodha hiyo kama vumbi la historia. Mimi naiona kuwa somo la uandishi. Luka hasemi kwamba mambo yalitendeka zamani chini ya wenye mamlaka fulani. Anawataja kwa majina na vyeo, ili msomaji ajue ni nani aliyekuwa na dhamana siku zile.

Jumapili ya tatu, 15 Desemba, tulisikia watu wakimwuliza Yohana wafanye nini. Waliouliza ni pamoja na askari. Yohana hakuwaambia waache kazi. Aliwaagiza wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, na watosheke na mshahara wao. Siku sita baadaye, 21 Desemba, kijana wa Embu akachukuliwa akiwa kwa kinyozi.

Hakuwa peke yake. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilieleza mwishoni mwa mwezi huo kwamba ilikuwa imeorodhesha visa 82 vya utekaji nyara tangu Juni 2024, wakati vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, na kwamba watu 29 walikuwa bado hawajulikani waliko. Polisi walikana kuhusika. Hivyo vitenzi vyetu vikabaki bila mtenda, na magazetini ukaenea msemo wa “watu wasiojulikana”, ambao majirani zetu wa Tanzania waliuzoea baada ya Tundu Lissu kupigwa risasi mjini Dodoma mnamo 7 Septemba 2017.

Wapo watakaosema kwamba Injili isiburutwe hadi kwenye siasa, na kwamba baadhi ya vijana hao walikuwa wamesambaza picha za kumfedhehesha kiongozi wa nchi. Hoja hii isipuuzwe. Mimi nimelelewa katika jamii inayoheshimu wazee, na matusi hayanipendezi yawe ya mdomo au ya picha. Lakini ikiwa picha ni kosa, mahakama zipo. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24, isipokuwa muda huo ukimalizikia siku isiyo ya mahakama. Katiba, kama Luka, inataka mtenda ajulikane: nani amekamata, kwa kosa gani, na mshtakiwa yuko wapi. Anayemchukua mtu bila kujitambulisha hatekelezi sheria, anaikimbia.

Wala kuisoma Biblia hivi si uzushi wa leo. Mnamo Machi 1975, baada ya mbunge J. M. Kariuki kuuawa, David Gitari, aliyekuwa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, alihubiri redioni akilitumia swali ambalo Mungu alimwuliza Kaini kuhusu nduguye. Mwaka huo huo akawa askofu wa Kianglikana wa Mlima Kenya Mashariki, dayosisi ambayo wakati huo ilizihusisha Embu na Meru. Hakuhitaji kuongeza mengi. Swali lenyewe lilikuwa la kale, na kila msikilizaji alijua linaelekezwa wapi.

Siku chache baada ya Krismasi ya 2024, Rais William Ruto aliahidi kwamba utekaji nyara ungekomeshwa. Mnamo 6 Januari 2025 kijana wa Embu alirejea kwao akiwa hai, pamoja na wenzake kadhaa waliokuwa wamechukuliwa mwezi huo. Siku hiyo, katika kalenda ya jadi ya Kanisa, ni Epifania, yaani sikukuu ya kudhihirishwa. Lakini si wote waliorejea. Miili ya wanaume wawili kati ya waliochukuliwa Mlolongo, Kaunti ya Machakos, katikati ya Desemba ilitambuliwa katika chumba cha maiti jijini Nairobi mwishoni mwa Januari. Kungoja kwa jamaa zao kuliishia hapo.

Nilimtafuta kijana wa jirani kabla hajarudi chuoni. Nilimwambia kwamba siku ile nilimpa jibu la nusu, na kwamba nusu iliyobaki ni hii: mwenzake hakutoweka, alitekwa; na aliyemteka ana jina hata kama hatujalijua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Nilijua unajua, Mwalimu. Nilitaka tu nikusikie ukisema.” Maneno hayo yalinichoma kuliko lawama yoyote.

Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Pengine. Lakini kimya cha mwalimu hakingoji mshindo; wanafunzi hukinakili siku hiyo hiyo kama wanavyonakili ubao. Ndugu walimu, mnapofundisha kauli ya kutendwa, msiwaachie wanafunzi sentensi isiyo na mtenda bila kuwauliza: “Na nani?” Ni swali dogo la sarufi. Zakaria alilipata jibu la swali lake akiwa na kibao tu mkononi. Sisi tuna chaki, tuna kalamu, na ndimi zetu hazijafungwa.