Baba, mama na mtoto wa kukusanywa

UKIITAZAMA filamu ya Man of Aran bila kuambiwa chochote, utaamini unaiona familia moja ya wavuvi. Baba anarudi kutoka baharini, mama na kijana wao wanakimbilia maji kumsaidia kuokoa wavu, wimbi linawapiga, wanaanguka, wanainuka na kuvuta tena. Nyumbani kuna kichanga. Nani angeuliza cheti cha ndoa?

Watu hao hawakuwa familia. Baba ni Colman King, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tiger. Mama ni Maggie Dirrane, ambaye alikuwa na mume wake na watoto wake. Kijana ni Michael Dillane, mtoto wa nyumba nyingine kabisa. Wote walikuwa wakazi halisi wa visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland, lakini aliyewaweka chini ya paa moja ni Mmarekani Robert Flaherty, aliyefika huko na mkewe Frances na kamera zake mwanzoni mwa miaka ya 1930. Filamu ilionyeshwa mwaka 1934, ikapata tuzo Venice, na hadi leo inatajwa miongoni mwa filamu maarufu za maisha halisi.

Kumpata huyo kijana hakukuwa kazi nyepesi, maana mama yake mzazi aligoma.

Wageni wangeweza kumwona mshamba. Lakini wazee wa Ireland walikuwa hawajasahau njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, ugonjwa ulipoozesha viazi mashambani na watu kufa kwa mamia ya maelfu. Wakati huo walikuwapo watu waliogawa supu kwa wenye njaa kwa sharti la kubadili dhehebu. Kwa hiyo mgeni mwenye pesa anapomtaka mtoto wako, akikuambia ni kwa ajili ya picha tu, unajiuliza anataka nini hasa. Ilibidi padri aombwe kumtuliza mama huyo ndipo akakubali. Aliuliza swali ambalo mzazi yeyote ana haki ya kuliuliza, na aliliuliza mapema, kabla kamera haijawashwa.

Baada ya hapo yakaja ya baharini. Flaherty alitaka wavuvi wamwinde papa mkubwa sana, yule anayeogelea taratibu kinywa wazi akichuja vijidudu vya majini. Zamani wakazi wa Aran walimwinda kwa ajili ya mafuta ya ini lake, waliyowashia taa. Lakini kazi hiyo ilikuwa imeachwa muda mrefu kabla kamera haijafika, na wanaume waliotakiwa kuonekana mabingwa walilazimika kufundishwa kurusha chusa. Mtazamaji anadhani anaona riziki ya kila siku, kumbe anaona kazi ya babu zao.

Hapo mtu anaweza kusema ni uongo mdogo, wa kuipamba filamu. Hatari yake, hata hivyo, haikuwa ya kuigiza. Vyombo vya huko ni vyepesi mno: fremu ya mbao iliyofunikwa turubai lililopakwa lami. Bahari ikichafuka, mvuvi mwenye akili anakaa nyumbani. Flaherty aliwataka watoke siku ile ile ya dhoruba, kwa kuwa ndiyo siku yenye picha nzuri. Wengi wao hawakujua kuogelea, na baadhi walikuwa na wake na watoto waliobaki nchi kavu. Kwenye filamu Maggie anasimama juu ya miamba akiwatazama wapiga makasia wakipotea na kuibuka kati ya mawimbi. Anaigiza mke mwenye hofu, lakini hofu ya wake wenyewe haikuhitaji mwongozaji.

Hakuna aliyekufa, kwa bahati. Baadaye Flaherty mwenyewe alikiri kwamba alistahili kupigwa risasi kwa yale aliyowatuma watu wale kufanya, tena kwa malipo ya pauni tano kila mmoja na pipa la bia.

Sauti zenyewe hazikurekodiwa pale ufukweni. Wahusika walipelekwa London kurekodiwa studio, na maneno yao yakabandikwa juu ya picha.

Mwaka 1978 Mmarekani mwingine, George Stoney, ambaye babu yake aliwahi kuwa daktari visiwani humo, alitoa filamu kuhusu jinsi ile ya kwanza ilivyotengenezwa. Aliwatafuta waliokuwa bado hai, akawaketisha, akawauliza. Maggie alikuwapo. Safari hii hakuwekewa mume wala mtoto wa mtu, na kwenye kamera aliongea kama Maggie.