Kura ya Siri Inavyotuponyoka Kituoni

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, ambao wengi wao walizaliwa baada ya uchaguzi wa 2002, wanaposikia neno "mlolongo" hudhani kwamba linahusu foleni ndefu ya watu waliorauka alfajiri kwenda kupiga kura. Inanibidi niwaeleze kwamba mwaka 1988 foleni yenyewe ndiyo iliyokuwa kura. Katika uteuzi wa wagombea ubunge, wanachama wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa nchini Kenya wakati huo, walijipanga nyuma ya mgombea wao au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake, wakahesabiwa hadharani kama mifugo mnadani. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, na eneo lake halikuwa na haja ya kupiga kura ya siri baadaye.

Wanaoukumbuka uchaguzi ule husimulia zaidi habari za foleni fupi zilizotangazwa kuzishinda foleni ndefu. Kashfa hiyo ilikuwa kubwa na inastahili kusimuliwa. Lakini kulikuwa na madhara mengine ambayo hayatajwi sana: kila mtu alimwona jirani yake amesimama wapi. Chifu aliona, mwajiri aliona, mume alimwona mkewe na mkwe alimwona mkwe. KANU ilipoamua kutumia utaratibu huo mwaka 1986, viongozi wa dini, wakiwamo maaskofu Henry Okullu na Alexander Muge, waliupinga waziwazi. Mchungaji anayesimama katika foleni ya mgombea mmoja atawahubirije waumini waliosimama katika foleni nyingine? Utaratibu huo ulifutwa na KANU yenyewe mwezi wa Desemba 1990, baada ya kamati iliyoongozwa na Profesa George Saitoti kuzunguka nchini na kusikia hasira za wananchi. Miaka miwili baadaye, Desemba 1992, Wakenya walipiga kura ya siri katika uchaguzi wa vyama vingi.

Ninaitaja historia hii kwa sababu uchaguzi wa 1988 uligeuza mambo mawili juu chini. Kura, ambayo ni mali ya mtu binafsi, ilipigwa hadharani. Hesabu, ambayo ni mali ya umma, ilifanywa gizani. Mapambano yote ya uchaguzi nchini tangu wakati huo yanaweza kuelezwa kuwa ni jitihada za kurudisha kila kimoja mahali pake. Nionavyo mimi, kuhusu hesabu tumepiga hatua ambazo nchi nyingi za bara hili zingetuonea wivu. Kuhusu siri tunarudi nyuma polepole, ndani ya vyumba vya madarasa ya shule za msingi, na sijaona mwanasiasa akikesha kwa ajili ya jambo hilo.

Hatua za hesabu zinajulikana, kwa hiyo nitazipitia kwa haraka. Kabla ya 2002 masanduku yalisafirishwa kutoka vituoni hadi ukumbi wa kuhesabia kura wa eneo bunge, na safari hiyo ya usiku ndiyo iliyozaa hadithi za masanduku yaliyofika yakiwa mazito kuliko yalivyoondoka. Tangu 2002 kura huhesabiwa pale pale zilipopigwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 86, iliweka wajibu huo mikononi mwa msimamizi wa kila kituo: ahesabu na kutangaza matokeo papo hapo. Mwezi wa Juni 2017, katika kesi iliyoanzishwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa mashinani ni ya mwisho, na kwamba ofisi za Nairobi hazina mamlaka ya kuyabadilisha. Mwezi wa Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais, na sababu kubwa ilikuwa jinsi matokeo yalivyopitishwa kutoka vituoni kwenda juu. Ilipofika 2022, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliziweka Fomu 34A za vituo 46,229 katika tovuti iliyo wazi kwa yeyote, na kijana mwenye simu na kikokotoo aliweza kujumlisha mwenyewe. Makamishna wanne waliukataa ujumlishaji wa Bomas, kesi ikafika Mahakama ya Juu, lakini mjadala wote ulikuwa na kitu cha kushika: karatasi iliyotiwa saini na kubandikwa kwenye mlango wa darasa.

Sasa tuingie ndani ya darasa hilo.

Mwanafunzi wangu mmoja aliajiriwa kuwa karani wa uchaguzi mwaka 2022, katika kituo kimoja cha mashambani. Alinisimulia habari ya ajuza aliyefika asubuhi na mapema peke yake, akiegemea mkongojo, na kusema kwamba hajui kusoma. Msimamizi wa kituo, kijana mwenye adabu zake, aliwaita mawakala wasogee wasikilize, kama alivyofundishwa. Kisha akauliza: "Nyanya, unamtaka nani kwa urais?" Ajuza akanong'ona. Wakala mmoja akalalamika kwamba hakusikia. "Sema kwa sauti kidogo, Nyanya, hawa mawakala wasikie." Akarudia. Yakafuata maswali ya gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi, kwa maana Mkenya hupewa karatasi sita siku hiyo. Alipofikishwa kwa mwakilishi wa wadi, ajuza alimtazama wakala aliyekuwa mbele yake, mtoto wa jirani ambaye pia ndiye huandika majina ya wanaopewa chakula cha msaada kijijini, akasema: "Nitilieni huyo mnayemtaka ninyi."

Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, na hilo ndilo linalonisumbua. Kanuni za uchaguzi zinamruhusu mpiga kura asiyeweza kujipigia kura asaidiwe. Anaweza kuja na mtu anayemwamini, aliyetimiza miaka 18, ambaye hatasaidia mwingine zaidi yake na ambaye anaapa kutunza siri. Asipokuja na mtu, msimamizi humsaidia mbele ya mawakala. Sababu ya kuwaweka mawakala pale inaeleweka: tusingetaka msimamizi ajaze karatasi za wazee kwa mapenzi yake mwenyewe. Ni kinga dhidi ya wizi. Lakini tumeinunua kinga hiyo kwa siri ya mpiga kura, na anayelipa ni maskini wa maskini, yule asiye na mtu wa kumsindikiza. Mkurugenzi wa kampuni anayepiga kura mtaani Kilimani hajawahi kuulizwa kwa sauti anamtaka nani. Ajuza yule aliulizwa mara sita.

Wapo watakaoniambia kwamba kijijini kila mtu anajua mwenzake ni wa upande gani, kwa hiyo siri ni anasa ya mjini. Nimeisikia hoja hii hata kutoka kwa wasomi. Kudhaniwa ni tofauti na kujulikana. Jirani anayekudhania unaweza kumkana, na siku ya orodha ya basari utasimama na kudai haki ya mjukuu wako kama wengine. Jirani aliyekusikia kwa masikio yake huna la kumwambia. Basari, mbolea ya ruzuku, chakula cha msaada na barua ya chifu vinapita mikononi mwa watu walewale ambao wagombea huwateua kuwa mawakala wao au jamaa za mawakala. Katika mazingira hayo kura inayosikika si kura huru, hata kama hakuna aliyetoa kitisho. Kifungu cha 81 cha Katiba kinapotaja uchaguzi huru, sharti la kwanza kinaloliorodhesha ni kura ya siri. Hakikuongeza "kwa wanaojua kusoma".

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao ni mbaya zaidi. Karatasi zetu za kura zina picha ya mgombea, jina lake na alama ya chama. Zilibuniwa hivyo makusudi ili asiyejua kusoma aweze kujichagulia. Mtu anayetambua noti ya shilingi mia mbili kwa kuitazama anaweza kuutambua uso wa mgombea aliyeona mabango yake kwa miezi mitatu. Hata hivyo, katika baadhi ya vituo wanaoomba kusaidiwa hupanga mstari, na miongoni mwao wamo watu ambao jana walikuwa wakisoma gazeti hotelini. Kila aliyewahi kuwa wakala anajua maana yake. Kura imenunuliwa, na mnunuzi anataka risiti. Kwa kuwa hawezi kuingia nyuma ya kile kizuizi cha kadibodi kilichowekwa juu ya dawati, anamwagiza aliyemlipa ajifanye hajui kusoma ili kura isomwe kwa sauti mbele ya wakala wake. Kanuni iliyotungwa kumlinda kipofu na mkongwe imekuwa stakabadhi ya mfanyabiashara wa kura. Simu nayo imeleta njia nyepesi zaidi, kwani picha ya karatasi iliyotiwa alama hutumwa kabla karatasi yenyewe haijaingia sandukuni.

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inaharamisha kuingilia siri ya kura. Ni sheria nzuri. Lakini anayelindwa nayo angelazimika kwanza kusimama mbele ya polisi na kueleza alimpigia nani na nani alimsikia, jambo ambalo lingemaliza siri iliyobaki.

Sikatai kwamba vituo vina matatizo mengine, tena yanayoonekana kwa urahisi zaidi. Mwaka 2022 mitambo ya kutambua wapiga kura ilikwama katika sehemu za Kakamega na kule Kibwezi Magharibi, watu wakasubiri mpaka sajili ya karatasi iliporuhusiwa kutumika. Wapiga kura wa Mombasa na Kakamega walifika vituoni wakakuta uchaguzi wa ugavana umeahirishwa kwa sababu karatasi zilichapishwa na makosa, wakarudi tena tarehe 29 Agosti. Wakulima na mafundi wenye vidole vilivyochakaa kwa kazi hulazimika kubonyeza mtambo mara nne, mara tano. Foleni nayo ina visa vyake: mwaka 1997 ingekuwa kichekesho, lakini mwaka 2017 iliripotiwa kwamba baadhi ya vituo viliwapaka wino watoto wachanga, kwa kuwa mtoto mmoja alikuwa akiazimwa na akina mama kadhaa ili wapitishwe mbele. Yote haya huonekana kwenye runinga, hulalamikiwa jioni ileile, na mara nyingi hurekebishwa. Mtambo uliokwama una fundi. Siri iliyovuja haina fundi wala kamera, na aliyedhurika hana hamu ya kulitangaza.

Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Tume itatumia mabilioni kwa mitambo, na mjadala wetu wote, tukiendelea hivi, utakuwa juu ya seva na utumaji wa matokeo. Ninachopendekeza ni cha bei nafuu. Kwanza, elimu ya mpiga kura iseme wazi, kwa lugha za nyumbani na katika redio za mashinani, kwamba asiyejiweza ana haki ya kuja na mtu wake wa kumwamini. Wazee wengi hawajui hilo, na huingia peke yao wakidhani ndiyo heshima. Pili, kabla ya kumwita wakala yeyote, msimamizi amwoneshe mpiga kura karatasi na kumwuliza kama anaweza kuutambua uso wa anayemtaka. Wengi watajikuta hawahitaji msaada, na waliotumwa watakosa kisingizio. Tatu, pale msaada unapohitajika, mpiga kura aoneshe kwa kidole badala ya kutamka. Wakala ataona alama ikitiwa mahali pake, lakini angalau waliopanga foleni dirishani hawatasikia.

La nne ndilo ninaloliona kubwa. Msimamizi wa kituo hutakiwa kuweka kumbukumbu ya kila aliyesaidiwa na sababu ya kusaidiwa. Kumbukumbu hizo hulala ndani ya mabahasha. Tume ichapishe idadi ya waliosaidiwa kwa kila kituo, sambamba na Fomu 34A, bila jina la mtu. Kituo chenye wapiga kura 700, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa, kikionesha waliosaidiwa 15, tutaelewa. Kikionesha 200 karibu na shule ya upili na soko la kila siku, watafiti, waangalizi na wapelelezi watajua pa kwenda kuuliza.

Kwa watumishi wa umma na walimu ambao mtasimamia vituo, na kwa wanafunzi ambao mtatuma maombi ya ukarani tangazo litakapotoka: mtafundishwa kwa siku chache, na muda mwingi utakwenda kwenye mtambo na fomu. Ulizeni kuhusu ajuza aliyekuja peke yake. Ulizeni mawakala watakaa umbali gani, dirisha lipi litafungwa, na kizuizi cha kadibodi kitaelekezwa upande gani ili mgongo wa mpiga kura uwe ukutani. Darasa mtalipanga ninyi wenyewe usiku wa tarehe 9, na madawati hayana uzito wa kumshinda mtu.