AFYA NYUMBANI: Unyayo wa Panya na Dawa za Ukoma

Mwaka 1873 tabibu wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, alivigundua vijidudu vya ukoma kwa darubini. Ikabainika kwamba ukoma si laana wala uchawi, bali ni maradhi kama mengine. Hata hivyo, kijidudu hicho kilikataa kuoteshwa katika vyombo vya maabara. Dawa ingejaribiwaje, basi, kabla ya kupewa binadamu?

Jawabu lilipatikana mwaka 1960. Mtaalamu wa Marekani, Charles Shepard, alionyesha kwamba vijidudu hivyo vikidungwa katika unyayo wa panya huzaana. Ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, kama vile pua, masikio, mikono na miguu. Na unyayo wa panya una ubaridi kuliko tumbo lake. Lakini kijidudu kimoja huchukua kama majuma mawili kugawanyika kuwa viwili, hivyo jaribio moja huhitaji miezi mingi. Panya wengine hulishwa dawa, wengine hawapewi. Kisha vijidudu vya nyayo zao huhesabiwa na kulinganishwa.

Njia hiyo ilifichua jambo zito. Mwaka 1964 watafiti nchini Malaysia walithibitisha kwamba dapsoni, dawa iliyotegemewa tangu miaka ya 1940, ilikuwa imeshindwa na vijidudu vya baadhi ya wagonjwa. Panya walilishwa dapsoni, na vijidudu hivyo viliendelea kuzaana. Kwa upande mwingine, majaribio yaliyotangazwa mwaka 1970 yalionyesha kwamba rifampisini huviua vijidudu vya ukoma kwa haraka.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1981 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri dawa zitumiwe kwa pamoja: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Kijidudu kiponyokacho dawa moja huangamizwa na nyingine.

Hapo ndipo jamaa wa mgonjwa wanapohusika. Baka huweza kufifia, na mgonjwa akadhani amekwisha kupona. Akiacha dawa, vijidudu vilivyosalia huweza kuzaana tena kimyakimya, na huenda vikawa sugu. Dawa hutolewa bure, nazo humezwa kwa miezi 6 au 12, kadiri ya ukubwa wa ugonjwa. Aonaye baka lisilohisi mguso asilifiche. Aende zahanati mapema, kabla vidole havijalemaa.