Mpanda ni mbali kiasi gani?

Jamani, mwenzenu nilikuwa kimya wiki mbili hizi. Nilikuwa msibani Mpanda.

Kila nikisema kwetu ni Mpanda, hapa Dar huwa naulizwa: hivi ni mbali kiasi gani? Zamani nilikuwa najibu kwa kilomita. Siku hizi nasita.

Tuanze na hesabu. Ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda unapata kama kilomita 900, karibu sawa na London hadi Berlin. Ndege ya panga boi aina ya Q400, inayobeba abiria zaidi ya 70 na kwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa, inaumaliza mwendo huo kwa saa moja na nusu hivi. Ikitua mji mwingine njiani, ongeza kidogo. Kwa barabara, kupitia Dodoma na Tabora, ni karibu kilomita 1,200.

Kwa hesabu hiyo Mpanda si mbali. Sasa sikieni yaliyonikuta.

Jumatatu saa nne usiku mama mdogo alinipigia simu: babu amefariki, maziko kesho saa kumi alasiri. Nikatafuta ndege. Inayofuata ilikuwa Alhamisi. Nikapanda basi la saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi alasiri ilipofika ndiyo kwanza tumeipita Manyoni. Baadaye simu ikaita tena: "Mwanangu, wewe njoo tu. Babu tumeshamhifadhi." Niliingia Mpanda saa nane usiku.

Kwangu mimi, ndege ya saa moja na nusu ilikuwa ndege ya siku mbili na ushee. Basi la saa 21 liliishinda. Ndiyo maana nasema tunapima vibaya. Safari haianzi ndege inapoacha ardhi, inaanza pale unapopata haja ya kusafiri. Muulize mwenye mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Katavi ilipata kuwa mkoa mwaka 2012, ikitoka Rukwa. Lami ya Tabora hadi Mpanda ilizinduliwa 2022. Treni ya umeme ilianza kwenda Dodoma 2024, na kutoka Dar inafika huko chini ya saa nne. Lakini kumbukeni, reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 hasa kwa ajili ya madini ya risasi. Mawe yalitafutiwa usafiri mapema. Binadamu je?

Najua mtasema ndege haiwezi kuruka na viti vitupu. Kweli kabisa. Ila nani kasema lazima iwe kubwa? Kutoka Mpanda hadi Dodoma, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 500. Kandege ka watu kumi na wawili, kakiruka kila siku na kukutana na treni Dodoma, kangemfikisha mtu Dar siku hiyohiyo. Mimi ningewahi kutupia udongo kaburini.

Kwa hiyo ukiniuliza tena Mpanda ni mbali kiasi gani, nami nitakuuliza: unataka kwenda siku gani?

Nawasilisha.