Jiwe lililokukosa

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama zetu mulio nyumbani,

Mara nyingi tunasikia mutu akitoka shimoni na kusema: «Leo nilikuwa na bahati!» Jiwe lilianguka karibu naye, likagusa kofia tu. Jioni rafiki wanamupongeza, wanakunywa pamoja, na jambo linakwisha. Kesho zamu ingine inaingia pahali pale pale. Nani amewaambia habari ya lile jiwe? Hakuna.

Siku jiwe likiua, maneno yanakuwa mengi. Kambini watu wanauliza nani amemuroga marehemu, na mara nyingi mujane ao jirani muzee ndiye anayetazamwa kwa jicho baya. Haya ni mateso juu ya mateso. Mbele ya kuuliza habari ya jirani, tuulize habari ya jiwe. Nani aligonga mawe ya juu kwa chuma kirefu mbele ya kazi kuanza? Jiwe zima linalia kama kengele. Jiwe lililoachana linatoa sauti ya ngoma. Uchawi gani tena?

Kule inchi ya Chile wako wachimbaji wa shaba kama sisi. Tarehe 5 Agosti 2010 shimo la San José liliporomoka, watu 33 wakafungwa chini. Siku 69 zikapita, na tarehe 13 Oktoba wote wakatolewa wazima. Dunia nzima ikasema: bahati kubwa! Ni kweli, nasi tunafurahi. Lakini shimo lile lilikuwa limefungwa mwaka 2007 sababu ya kifo cha mufanyakazi, kisha likafunguliwa tena mwaka 2008. Mwezi wa Julai 2010 jiwe likamukata mufanyakazi mwingine mguu. Na wale 33 walipotafuta kupanda kwa tundu la hewa, ngazi hazikufika juu. Kama zingalifika, pengine wangalitoka siku ile ile.

Basi, mutu aliyekoswa na jiwe amwambie kapita mbele ya kutoka zamu, asingoje kesho. Kapita naye aandike pahali, saa na ukubwa wa jiwe. Asimucheke, wala asimukate mushahara. Akifanya hivyo mara moja tu, hakuna atakayesema tena.

Na wewe mama, bwana akikuambia usiku «nilipona kidogo tu», umushukuru Mungu pamoja naye, kisha umuulize: «Ulimwambia kapita?»